Mbayuwayu katika Kaburi la Mama

Mama yangu alichimbiwa kaburi akiwa mzima wa afya, na aliyesimamia kazi hiyo alikuwa yeye mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi, akamwambia fundi kwamba ukuta wa kushoto umepinda. Fundi akasema haujapinda. Mama akamuuliza, "Atakayelala humo ni mimi au wewe?" Fundi akabomoa matofali aliyokwisha kuyapanga akaanza upya.

Niseme kwanza kwa nini, maana watu wakisikia habari hii huniangalia kana kwamba ukoo wetu una ugonjwa. Baba alifariki katikati ya mvua, na kule kwetu Kifanya mvua ikishaanza haina adabu. Vijana walichimba kaburi asubuhi, na ibada ilipokwisha maji yalikuwa yamefika magotini. Wakayachota kwa ndoo. Wakichota, mengine yanachuruzika kutoka pembeni, udongo wenyewe umeshiba. Mwisho mwinjilisti akayaangalia mawingu, akaiangalia saa yake, akasema tuendelee. Tukamshusha baba humohumo. Mama alisimama na khanga yake kichwani, hakulia. Alilia nyumbani jioni, akimenya viazi vya wageni.

"Mume wangu tumemlowesha," alisema. "Mtu aliyekuwa hapendi hata kuoga maji ya baridi."

Kiangazi kilichofuata akamwita fundi. Alitaka kaburi lake liwe kando ya baba, lichimbwe udongo ukiwa mkavu, lijengwe kwa matofali ya kuchoma, lipigwe plasta na sementi pande zote hadi chini. Alitaka kulala pakavu. Hilo tu. Hakuwa mtu wa kuomba mengi. Hata nguo za sikukuu alikuwa anatuambia tumnunulie sabuni badala yake.

Sasa, kwetu kaburi ni kazi ya majirani. Mtu akifa, vijana wa kitongoji wanachukua majembe na masululu, wanachimba, halafu wanakula vizuri. Kumchimbia mtu anayetembea ni uchuro. Jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, mwanamke mwenye huruma lakini mdomo hauna komeo, alikuja kumsihi mama aachane na jambo hilo. Mama akamkaribisha chai. Vijana nao walilalamika kwa namna yao, wakiulizana kama kaburi likishakuwepo kutakuwa na sababu gani ya kuchinja. Mama akawatumia ujumbe kwamba watakula kama kawaida, wasiwe na wasiwasi.

Kazi ilipokwisha akashuka ndani kwa ngazi ajipime. Ndiyo, alijilaza. Alitaka kuhakikisha urefu unatosha na miguu. Kwa bahati mbaya yule jirani alikuwa akipita akitoka kuchuma mboga kwenye kinyungu chake, bustani yake ya kule bondeni, akaona kichwa cha mama kikiibuka taratibu kutoka kaburini, na kitambaa chake cheupe. Mboga zilibaki njiani. Baada ya muda mfupi wazee wa kanisa wakafika wawili, wameshika kofia mikononi.

"Mama, tumesikia una mawazo ya kujidhuru."

"Nina mawazo ya kuzikwa," mama akasema. "Ni vitu viwili tofauti." Kisha akawasalimu kwa Kibena, "Kamwene, karibuni ndani."

Wakaingia, wakanywa chai, wakaomba, wakaondoka. Kabla ya kuondoka mmoja aliuliza fundi anapatikana wapi.

Mambo yote haya nilikuwa nayasikia kwa simu, kwa sababu mimi niko Makambako. Nina mgahawa karibu na njia panda, mahali ambapo kila mtu anakwenda kwingine. Anakula supu na chapati huku jicho liko kwenye basi. Nimezoea watu wa aina hiyo, wala siwalaumu, ndio wanaonilipia karo za watoto. Mdogo wangu yeye yuko Yakobi, hapo Njombe mjini, anauza mbao. Ndiye aliyeleta mabanzi ya kufunikia kaburi, yale magome yenye mbao kidogo yanayobaki gogo likishapasuliwa. Mama akamwambia aache nafasi upande mmoja, hewa iingie, plasta isije ikaota ukungu. Mdogo wangu akayalaza kwa mteremko ili mvua iteleze nje, akaacha nafasi ya upana wa sahani chini ya ukingo wa juu. Lilikuwa wazo zuri, na hakuna aliyefikiri kwamba kuna kiumbe duniani anayetafuta nafasi kama hiyo.

Mvua za kwanza zilipoanza, mama akanipigia.

"Njoo," alisema. "Kaburi langu lina wapangaji."

Nilishtuka nikamwaga supu. Nilidhani kuna mtu kazikwa humo kimakosa, na kwa jinsi ninavyoijua familia yetu lisingekuwa jambo la ajabu sana. Nikamwachia binti wa kazi funguo, nikaenda.

Wapangaji walikuwa mbayuwayu. Sio wale wa kawaida wanaojazana kwenye nyaya za umeme. Hawa walikuwa na rangi moja mwili mzima, bluu iliyokolea karibu na weusi, na jua likiwapiga wanang'aa mithili ya sufuria mpya. Dume alikuwa na mkia wenye nyuzi mbili ndefu nyembamba, ndefu kuliko mwili wake wote, akiruka zinamfuata nyuma zikitetemeka. Jike nyuzi zake fupi. Wakiinua bawa kujichokonoa, ubavuni unaona vijimanyoya vyeupe, kama shimizi iliyochungulia chini ya gauni. Kisha bawa linashuka na weupe unapotea, huwezi kuamini uliuona.

Waliruka chini kabisa, juu ya majani tu, huku na huko bila kugongana, wakidaka wadudu. Na ukungu ukishuka, ule ukungu wetu wa kufunga barabara, ndege wengine wote wananyamaza na kujikunyata, hawa ndio kwanza wanachangamka. Walinitia hasira kidogo siku ya kwanza. Mimi nimevaa masweta mawili na bado natetemeka, wao wanacheza.

Yale makaburi ya ukoo wetu yako kwenye mteremko, na ndiyo sehemu pekee iliyobaki na majani upande ule. Kwingine kote ni miti. Watu wamepanda misindano hadi mlangoni kwao, na pasipo na misindano pana parachichi. Makaburini hatupandi, mizizi itawasumbua waliolala. Kwa hiyo majani yamebaki, na majani ndiyo wanayoyapenda hawa ndege. Zamani, mama alisema, alipokuwa msichana wa kuchunga, walikuwa wengi, wakiingia kwenye mashimo ya muhanga, yule mnyama mla mchwa anayechimba usiku. Wanajenga ardhini, gizani, sio juu ya mti kama ndege wenye heshima zao. Muhanga walikwisha kuliwa au kukimbia siku nyingi. Sasa ndege wamefika kutoka safari yao, wanatafuta shimo, wanakuta moja jipya, limepigwa plasta. Mtu gani angekataa?

Nilikaa siku chache nikiwatazama, kisha nikawa narudi mara kwa mara, kwa kuwa mama hakuwa na mazungumzo mengine. Walibeba matope kwa midomo kutoka bondeni, tone moja moja, wakachanganya na vijani, wakabandika kibakuli kwenye ukuta wa kaburi karibu na juu. Ni ule ukuta wa kushoto, na mama alinikumbusha kwamba usingenyooshwa kibakuli kisingeshika. Ndani wakatandika nyasi laini, halafu manyoya meupe. Manyoya yalikuwa ya jogoo wetu. Yule jike aliyafuata hadi mlango wa jikoni, akichagua, manyoya ya kahawia anayaacha. Kisha akaanza kutaga, yai moja kwa siku, hadi yakafika matatu, meupe yenye madoadoa. Akalala juu yake kama wiki mbili hivi, na dume akawa anazunguka nje akiimba kale kawimbo kao kadogo, kembamba, ka puani. Ukisikiliza kwa makini utasema ni mtu analalamika lakini hataki kusikika.

Watoto walipoanguliwa, wazazi hawakupumzika tena. Kuingia na kutoka, kuingia na kutoka, mdomo umejaa mbu na nzi. Hata kinyesi cha watoto walikibeba mdomoni wakakitupa mbali. Mama alifurahishwa sana na jambo hilo.

"Umeona?" aliniambia. "Kaburi langu wanalifagia."

Habari zilienea, na siku moja akaja mtaalamu wa ndege kutoka mjini, kijana mwenye darubini shingoni, amepanda pikipiki. Alichungulia kwenye ile nafasi kisha akashika kifua, nikadhani anazimia. Alituambia kwamba ndege hawa wamebaki wachache sana duniani.

"Kama ni wachache," mama akasema, "mbona wako kwangu?"

Kijana akaeleza bila kuchoka. Wanakuja kwetu milimani kuzaa wakati wa mvua, mara mbili katika msimu, mwaka mwingine hata mara tatu. Ikifika karibu na mwezi wa nne, kabla baridi haijaanza kutuuma, wanaondoka kwenda kaskazini, Uganda na kandokando ya Ziwa Viktoria, halafu wanarudi tena mvua zikianza, mara nyingi kwenye shimo lilelile. Mama akamuuliza kama huko wanakokwenda wana nyumba. Kijana akasema hapana, kule hawajengi, wanalala tu kwenye majani marefu. Mama akatikisa kichwa akasema maskini, kumbe ni wasafiri tu kule. Akamfungia kijana viazi kwenye mfuko.

Krismasi mdogo wangu alikuja na familia yake. Watoto wa kwanza wa wale ndege walikuwa wamekwisha kuruka, lakini hawakuwa wameenda mbali, walikuwa wanazunguka na wazazi wao kwenye majani, wenye mikia mifupi na rangi iliyofifia. Mdogo wangu alitembea hadi kaburini, akarudi amekunja uso.

"Mama, kile kiota nitakitoa. Kaburi si banda la kuku."

"Utamtoa nani?" mama akauliza.

"Ndege."

"Wewe ulipozaliwa mvua ilikuwa inanyesha mwezi mzima. Kuna mtu alikuja kukutoa?"

Tulicheka, yeye hakucheka. Mdogo wangu ni mtu wa kunyoosha mambo. Mbao zake amezipanga kwa urefu na upana, na mtu akichomoa moja analala vibaya. Akasema kile ambacho sisi wote tulikuwa tunakizunguka. Akasema, "Sawa, Mama. Na ukifariki wakiwa humo?"

Hata watoto waliacha kutafuna. Mama alikuwa ameanza kuvimba miguu wakati ule, na akipanda kile kimteremko kutoka bondeni alikuwa anasimama njiani akijifanya anaangalia mawingu.

"Nikifa yule jike hana mayai wala watoto, mtakitoa kiota, mtanizika," alisema. "Nikifa akiwa na watoto, yule ni mzazi. Mzazi hatolewi nje. Mtanichimbia upande wa pili wa baba yenu."

"Na maji?"

Mama aliokota ganda la karanga kwenye khanga yake, akaliangalia, akaliweka mezani.

"Nimeshasema," akajibu.

Mwezi wa kwanza alizidiwa. Tulimpeleka hospitali Njombe, wakasema moyo umechoka, wakatupa dawa na kuturudisha nyumbani kwa maneno mazuri. Nikafunga mgahawa. Binti wa kazi alisema angeweza kuendesha peke yake, lakini mimi najua chumvi anayotia. Nikahamia Kifanya, nikalala chumba kimoja na mama, kitanda changu upande wa dirisha.

Usiku wa kwanza, taa ikiwa bado inawaka, aliniambia jambo ambalo hakulisema mbele ya mdogo wangu.

"Naogopa maji," alisema. "Najua nitakuwa nimekufa, sitasikia. Najua. Lakini naogopa."

Nikamwambia hutakufa leo wala kesho, nyamaza ulale. Nilimjibu kwa ukali, kwa kuwa nilitaka kulia na sikutaka anione. Ningemwambia nini? Ningemwambia nitakwenda asubuhi kuwatoa wale ndege? Angenitoa mimi kwanza.

Yule jike alikuwa ameanza kutaga mara ya pili. Kuanzia hapo maisha yetu yakawa hivi. Asubuhi nampa mama uji, namgeuza, namfuta. Kisha anasema, "Nenda kaangalie." Navaa mabuti, napanda makaburini kwenye matope, nalala kifudifudi kwenye majani yaliyolowa, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nachungulia kwenye nafasi. Narudi. "Bado anaatamia, Mama." "Haya." Mama ananusa dawa, anakunywa. Kesho yake tena.

Mwanzo nilikwenda kwa kumridhisha. Baadaye nikawa nakwenda kwa hesabu zangu. Nilikuwa nimejua muda wao: kuatamia wiki mbili hivi, kulea watoto wiki tatu na siku kadhaa. Wakiruka, kaburi linabaki tupu, mama analala pakavu. Kwa hiyo nilikuwa nataka wafanye haraka. Lakini pia nilikuwa nataka mama abaki, na kadiri walivyochelewa ndivyo alivyokuwa na kitu cha kusubiri. Siku moja nikajikuta nawaombea yote mawili, waharakishe na wasiharakishe, nikamwonea huruma Mungu anayepokea maombi ya namna hiyo.

Walipoanguliwa nilimletea habari nikikimbia. Mama alitabasamu, akaniuliza wangapi. Nikasema watatu. Akaniuliza wote wanakula? Nikasema wote. Yule aliyekuwa katikati, nilimwambia, ni mlafi, anawapanda wenzake. "Huyo ni kama wewe," mama akasema. Siku hiyo alikula viazi viwili vizima.

Mvua nayo haikupumzika. Ilinyesha asubuhi, ikanyesha mchana, jioni ikapunguza kidogo ikusanye nguvu. Njia ya Kifanya ikawa utelezi mtupu, pikipiki zinasukumwa. Nilikuwa nikisikia maji yakitiririka mferejini kando ya nyumba, naye mama anayasikia, kila mmoja akijua mwenzake anawaza nini.

Alifariki asubuhi, wakati mimi niko makaburini. Alikuwa ameniagiza kama kawaida. Nilichungulia, nikaona watoto wameanza kuota manyoya ya kweli, yale ya bluu, yametokeza kwenye kijivu. Nikateremka nikiwa nimefurahi. Nikasukuma mlango huku nasema, "Mama, wameota manyoya." Nikalisema lote, hadi mwisho, ndipo nikamwona. Nilisimama pale na habari yangu, sikuwa na wa kumpa. Nilimlilia kwa sauti iliyomtoa jirani ng'ambo ya bonde.

Mdogo wangu alifika kabla ya mchana, na pikapu yake imejaa viti vya kukodi. Hakulia mbele za watu. Alipanga viti. Vijana wa kitongoji walikuwa wamekwisha kuja na majembe, wamesimama chini ya upenu wa nyumba, mvua inanyesha, wanasubiri kuambiwa wachimbe au wasichimbe.

Nikamvuta mdogo wangu kando.

"Wale ndege watoke," nikamwambia.

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Dada, Mama alisema."

"Mama aliogopa maji! Wewe hukuwepo. Aliniambia mimi. Aliogopa maji hadi usiku wa mwisho, na pale kuna kaburi kavu, alilijenga mwenyewe, na wewe unataka tumtumbukize kwenye dimbwi kwa ajili ya vindege vitatu?"

"Si mimi ninayetaka," akasema. "Mimi nilitaka kuwatoa tangu Krismasi. Mama akakataa. Nami nilimwitikia."

Hapo ndipo alipoanza kulia, yule mpanga mbao. Mimi sikuwa na muda wa kulia. Nilikuwa na hasira ya kuangusha mti. Nilichukua beseni dogo, nikatia kitambaa ndani, nikapanda makaburini peke yangu. Nilikuwa nimekwisha kupanga: nitabandua kiota kizima, nitawaweka kwenye beseni, nitawaning'iniza jikoni. Wakifa, wamekufa. Watu wanakufa pia.

Niliinua mabanzi mawili. Mwanga ukaingia. Wale watoto watatu walisikia mbao zikisogea wakadhani ni mama yao. Wakanyoosha shingo zao, wakanifungulia midomo, mitatu, ya njano, mipana kuliko vichwa vyao, na kupiga kelele wakitaka chakula. Kwangu mimi. Nilikwishaweka mkono chini ya kibakuli, na kilikuwa na joto. Juu yangu jike alikuwa anazunguka kwenye mvua, karibu kunigusa nywele, mdomo umejaa wadudu, hawezi kushuka kwa sababu nimemzibia mlango.

Nikasema, "Mama, unanionea." Nilisema kwa sauti, kwa Kibena, na sikuwa nasema na ndege.

Kisha nikatoa mkono. Nikarudisha banzi la kwanza, nikarudisha la pili, nikaacha ile nafasi ya upana wa sahani. Sikuwa nimefika hata hatua chache, jike akaingia. Nikateremka na beseni tupu, nikawaambia vijana wachimbe upande wa pili wa baba.

Mdogo wangu alifanya kila alichoweza, namshukuru hadi leo. Alichimba mfereji juu ya mteremko kukinga maji. Akajenga kibanda cha maturubai juu ya shimo. Akaleta mbao nzuri, zile za kuuza, akapanga sakafu chini ili jeneza lisikae kwenye udongo. Vijana walichimba kwa zamu na kuchota kwa zamu. Lakini maji hayakuwa yanatoka juu. Yalikuwa yanatoka pembeni, kwenye udongo wenyewe, na kufikia ibada mbao zilikuwa zinaelea. Akavua viatu, akaingia kaburini na suruali yake ya suti, akachota yeye mwenyewe, ndoo baada ya ndoo, hadi mwinjilisti akamshika bega.

Tukamshusha mama. Jeneza lilipofika chini kulitoka sauti ya maji. Kwaya wakapandisha wimbo ili nisisikie. Nilisikia.

Watu walikula, vijana walikula vizuri, kama mama alivyoahidi. Waliokuja kunipa pole waliniuliza kwa upole kwa nini hatukutumia lile kaburi zuri. Niliwajibu kwamba lina mzazi. Wengine waliitikia kwa kichwa. Jirani yetu alinishika mikono yote miwili akasema mama yako alikuwa mtu mgumu, nikasema kweli.

Nilibaki Kifanya kumaliza matanga na kugawa vitu. Sikwenda makaburini, nilipeleka maua mara moja nikageuka haraka. Wale ndege niliwachukia. Nasema wazi. Nilikuwa nawaona kutoka jikoni wakipita chini juu ya majani, wanadaka wadudu juu ya tuta la mama kana kwamba hakuna kilichotokea, na nikatamani paka.

Siku moja nikaona wamekuwa wengi. Nikahesabu, watano. Watatu wana mikia mifupi na wanaruka vibaya, wanatua kwenye majani wakati wenzao hawatui, na wazazi wanawalisha hewani, mdomo kwa mdomo, wakipishana. Wametoka. Nikavaa mabuti.

Mvua ilikuwa imekata kwa muda. Nilipita kwenye tuta la mama, udongo bado mbichi, umeshuka upande mmoja kwa sababu ya maji. Nikapita la baba. Nikafika kwenye lile kaburi la matofali, nikainua mabanzi yote, moja baada ya jingine, nikayaweka kando, nikaangalia ndani.

Lilikuwa kavu. Mvua yote ile, wiki baada ya wiki, na chini kulikuwa na vumbi. Kuta zimenyooka, plasta haina hata ufa, sakafu haina hata kinyesi. Upepo haukufika humo. Nilishuka nikaigusa sementi kwa kiganja. Ilikuwa kavu na haikuwa hata na baridi. Nikakaa chini, nikaegemea ukuta, nikamlilia mama yangu kwenye kaburi ambalo hayumo.